NANI KAKUAMBIA? Mazungumzo juu ya kuandika ripoti na maombi ya fedha

(Mazungumzo haya yalitolewa bwaloni, asubuhi ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani. Mhariri ameyaacha kama yalivyosemwa, ila pale msemaji alipokohoa.)



Ndugu Katibu aliponiandikia alitaka nizungumze juu ya mafanikio katika maisha. Nikamjibu kwamba jambo hilo silijui vya kutosha. Ninachokijua, kwa kuwa nimekifanya kwa miaka thelathini na saba nikilipwa mshahara, ni kuandika ripoti na maandiko ya kuomba fedha, na kuyasoma yale yaliyoandikwa na wengine. Akakubali, nadhani kwa kunihurumia.

Msidhani ni jambo la watu wa ofisini peke yao. Bwana shamba huandika ripoti. Mganga wa zahanati huandika ripoti. Fundi ujenzi anayetaka kazi ya kujenga darasa huandika andiko na makisio. Kikundi cha akina mama kinachotaka mkopo wa cherehani nacho kitaambiwa, "Leteni andiko." Karibu kila shilingi inayotoka mahali penye fedha kwenda mahali pasipo na fedha hupita juu ya karatasi kwanza, na mtu fulani aliiandika karatasi hiyo.

Nimekuja na karatasi mbili mkobani. Ya kwanza niliiandika mimi mwaka 1978. Ya pili imeandikwa na kamati yenu ya wanafunzi mwezi uliopita, inaomba chama chetu kinunue tangi la maji, na mkutano wetu utaijadili mchana huu. Kamati imeniruhusu niiseme hadharani. Lakini haki ni kuanza na aibu yangu kabla ya kugusa ya watoto.

Mwaka huo nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, karani wa mipango katika ofisi moja ya umma ambayo sitaitaja. Kijiji kimoja katika eneo letu kilitaka mashine ya kusaga nafaka. Kaya zilikuwa 210, na kila kaya ilikwisha kuchanga shilingi hamsini, jumla shilingi 10,500. Fedha zilizopungua zilipaswa kukopwa benki, na benki ilitaka andiko. Nikapewa kazi hiyo kwa sababu nilijulikana kwa Kiswahili kizuri. Hapa shuleni insha zangu zilipata kusomwa mbele ya darasa, na mimi sikuwa nimesahau.

Nikaandika kurasa arobaini. Zilipigwa taipu vizuri, zikawa na majedwali manne na jalada la karatasi ngumu. Nilieleza historia ya kijiji, umuhimu wa kilimo katika taifa, na mzigo wa mama wa Kiafrika mbele ya kinu na mchi. Kisha nikafika kwenye hesabu. Kijitabu kilichokuja na mashine kilisema inasaga kilo 400 kwa saa. Mara saa nane, kilo 3,200, yaani gunia 32 kwa siku. Mara siku 25, gunia 800 kwa mwezi. Nikazidisha kwa ada ya kusaga, nikatoa dizeli na mshahara wa mwendeshaji, na faida ikawa ya kupendeza sana. Mkopo ungelipwa katika miezi kumi na minane.

Andiko lilikubaliwa. Hapo ndipo balaa ilipoanzia.

Mashine ilifika mwaka 1979 juu ya lori, ikapokewa kwa ngoma. Kwa muda kidogo ikafanya kazi, kisha ikawa inafanya kazi siku mbili kwa wiki, kisha siku moja. Malipo ya benki yakachelewa. Nilipotumwa kwenda kuona kuna nini, kiliitishwa kikao chini ya mti, nami nikalisoma jedwali langu kwa sauti ili wanachama waone jinsi walivyoiangusha mipango. Mama mmoja wa makamo akanyosha mkono. Akauliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, hayo magunia mia nane kila mwezi, tuyatoe wapi?"

Sikuwa na jibu. Hesabu yake ilikuwa fupi. Kaya moja pale ilikula kama debe moja la nafaka kwa wiki. Kaya 210 ni debe 210 kwa wiki, yaani kama debe 900 kwa mwezi. Debe sita hujaza gunia, basi ni gunia 150 kwa mwezi, na hayo ni kama kila mwanamke ataleta kila punje mashineni wala asitwange nyumbani ili kuokoa senti zake. Tena kile kipimo cha kijitabu kilikuwa cha mahindi makavu, na kijiji kile kilikula uwele na mtama, ambao husagwa kwa chekecho la matundu madogo, na chekecho hilo hupunguza mwendo wa mashine. Kwa miaka mingi mimi nililaumu dizeli, maana nchi ilikuwa vitani na Idi Amin na mafuta yalikuwa ya shida. Dizeli ilichangia, ndiyo. Lakini hata dizeli ingetiririka mtoni, gunia 800 hazikuwako.

Kijiji kililipa mkopo kwa kuuza ng'ombe na mbuzi. Hakuna aliyenishtaki. Ofisini nilipandishwa cheo mwaka uleule, kwa kuwa andiko langu lilikuwa limekubaliwa, na katika mambo ya ofisi kukubaliwa kwa andiko huhesabiwa kuwa ndio mwisho wa kazi. Nawaambieni haya wazi kwa sababu sijawahi kuyasema mbele ya watu wengi, na umri wangu sasa unaniruhusu.

Cheo hicho kilinipeleka ofisi nyingine, chini ya karani mkuu mmoja mzee, aliyesoma mpaka darasa la nane la zamani, akaishia hapo. Ripoti yangu ya kwanza kwake ilikuwa ya kurasa sita. Aliirudisha ikiwa na wino mwekundu pembeni, maneno mawili tu, yaliyorudiwa mara kumi na nne: Nani kakuambia? Nilipoandika "wakulima wengi wanapenda mbegu mpya", pembeni: Nani kakuambia? Nilipoandika "barabara hupitika mwaka mzima", pembeni: Nani kakuambia? Nikaenda mezani kwake nimekasirika. Nikamwambia, "Mzee, mambo haya yanajulikana." Akaniangalia juu ya miwani yake. "Kijana," akasema, "nami nakuuliza yamejulikana kwa nani, na lini."

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Alitaka, kabla ripoti yoyote haijapelekwa kwa mpiga taipu, tupitie rasimu kwa penseli na kuweka herufi moja pembeni ya kila tarakimu na kila sentensi inayodai jambo. O, kama umeliona mwenyewe. A, kama umeambiwa, na hapo useme nani alikuambia. K, kama umelikisia. Hakukataza kukisia. Hakuna andiko la kuomba fedha lisilo na makisio, maana linasema juu ya siku ambazo hazijafika. Alichokataza ni K kuvaa nguo za O. Gunia zangu 800 zilikuwa K tupu, tena K ya mtu wa kiwandani aliyekuwa mbali na asiyekijua kijiji kile, nami niliziandika kwa namna ambayo msomaji yeyote angedhani nilisimama mashineni nikazihesabu.

Wanafunzi, chukueni insha yoyote au taarifa yoyote ya klabu zenu, mfanye zoezi hilo jioni moja. Mtaona aibu kidogo. Ni dawa.

Msidhani jambo hili ni la makarani wadogo wa vijijini. Kongwa haiko mbali na hapa, na baadhi yenu mnatoka huko. Pale lilitendeka kosa kama langu, ila langu lilikula ng'ombe wa kijiji kimoja, na lile likala mamilioni ya pauni.

Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa imetoka vitani na watu wake walikuwa bado wakigawiwa mafuta ya kula kwa kipimo. Ndugu Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa, akapendekeza karanga zilimwe kwa matrekta katika Tanganyika. Serikali ya Uingereza ikatuma watu watatu kuja kuangalia, wakiongozwa na John Wakefield. Huyu hakuwa mgeni wala mjinga: alipata kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika. Walizunguka kwa muda wa kama wiki tisa, sehemu kubwa kwa ndege, wakarudi London na ripoti. Ripoti ilipendekeza mashamba 107, kila moja la ekari 30,000, mengi yakiwa Tanganyika na mengine Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Zidisheni wenyewe: ekari 3,210,000. Gharama ilikisiwa kuwa pauni kama milioni 24. Mwanzoni mwa mwaka 1947 serikali ilitangaza mpango huo katika waraka rasmi, na kazi ikaanza Kongwa.

Waliotarajia kulima ekari 150,000 katika mwaka wa kwanza walipanda ekari zisizofika 8,000. Vichaka vya Kongwa vilikuwa na mizizi iliyovunja majembe ya matrekta, na matrekta mengi yenyewe yalikuwa makuukuu, masalio ya vita. Udongo ulikuwa na mfinyanzi ambao kiangazi hukauka ukawa kama saruji, na karanga, kama mjuavyo, huzaa chini ya ardhi. Zikawa zimefungiwa humo. Mvua nayo ikaja kama inavyokuja katika Ugogo, yaani inapopenda. Mwezi Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuuacha mpango ule, na zaidi ya pauni milioni 36 zikafutwa katika vitabu. Kusini ilibaki bandari ya Mtwara. Reli iliyojengwa kwa ajili ya karanga za Nachingwea haikubaki.

Sasa, weka zile herufi tatu pembeni. Ekari milioni tatu zilizotazamwa kutoka angani: je, ile ni O? Ukiwa juu unaona kichaka, huoni mzizi. Rekodi za mvua za Kongwa zilikuwa chache, na kukadiria mvua ya miaka mingi kwa rekodi chache ni K. Jinsi udongo utakavyokuwa mwezi wa Juni chini ya jembe la trekta, ni K, mpaka ulime shamba dogo la majaribio, na kabla ya kuanza kazi kubwa namna ile shamba hilo halikulimwa. Wagogo walikuwa wakifuga na kulima uwele na mtama katika nchi ile kwa sababu walikwisha kuambiwa na nchi yenyewe inakubali nini. Hiyo ingekuwa A, na A nzuri, lakini mpango haukuandikwa kwa kuwategemea wao kama mashahidi.

Niwe mwadilifu: naamini waandishi wa ripoti ile hawakuwa walaghai. Walimwandikia msomaji aliyekuwa na njaa ya mafuta na aliyetaka sana kuambiwa ndiyo. Huyo ndiye msomaji wa hatari kuliko wote. Mtu mgumu wa benki anayekuuliza maswali ishirini anakusaidia. Mwogopeni anayetabasamu kabla hajafungua ukurasa wa pili.

Haya, tuje kwenye namna ya kuandika.

Hapa shuleni tunafundishwa insha: utangulizi, kiini, hitimisho, na jambo zito kuachwa mwishoni kama mfupa wenye uboho. Hiyo ni sawa kwa insha, kwa kuwa mwalimu analipwa kuisoma mpaka mwisho. Mkurugenzi hakulipwa kwa hilo. Juu ya meza yake kuna mafaili thelathini, na nje kuna watu kumi wanaongoja. Katika kazi, jambo zito liwe mwanzoni. Sentensi ya kwanza ya andiko la kuomba iseme unaomba nini, kiasi gani, kwa kazi gani. Sentensi ya kwanza ya ripoti iseme umekuta nini. Anayetaka kujua zaidi ataendelea kusoma, na asiyetaka ameshajua la kutosha kuamua.

Tarehe 9 Agosti 1940, katikati ya vita, Winston Churchill aliwaandikia maofisa wake waraka wa ukurasa mmoja juu ya ufupi. Alilalamika kwamba karatasi anazoletewa ni ndefu mno na zinapoteza muda. Akataka mambo makuu yawekwe katika aya fupifupi, hesabu na uchambuzi mrefu uwekwe katika kiambatisho, na yale maneno ya kujaza nafasi yaachwe. Napenda kukumbusha kwamba mabomu yalikuwa yanaanguka, na bado aliona inafaa kukaa chini kuandika juu ya jambo hilo.

Tofauti ya ripoti na andiko la kuomba ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Ripoti hutazama nyuma, andiko hutazama mbele. Lakini andiko lisilo na ripoti ndani yake ni ndoto, na ripoti isiyosema nini kifanyike ni porojo. Hayo yanatosha.

Juu ya lugha nina maneno zaidi, maana ndiko wengi wetu tunakojificha. Kiswahili kimetupa kauli ya kutendeka, nayo ni mali, lakini mwandishi mwoga huigeuza kichaka. "Ilionekana inafaa." Na nani? "Fedha zilitumika." Nani alizitumia? "Gari lilipata ajali." Gari halipati ajali lenyewe, lilikuwa na dereva, na barabara, na saa. Nimesoma ripoti za mamia ya kurasa ambazo ndani yake hakuna binadamu hata mmoja, mambo yote yamejitenda. Nilipofika mwisho nilijua jambo moja tu: mwandishi alikuwa na woga.

Siku hizi pia kuna neno "changamoto". Ni neno zuri, lakini tumelitumikisha kuliko punda. Fedha zikiibwa ni changamoto. Pampu ikiharibika ni changamoto. Mhasibu akiwa mlevi, changamoto ya rasilimali watu. Andika kwamba pampu imeharibika! Anayejua pampu imeharibika ataleta fundi. Anayejua kuna changamoto ataitisha semina.

Tena msiogope kuandika yasiyopendeza. Naijua ripoti moja ya ukurasa mmoja na nusu, ya bwana mifugo mmoja, iliyoanza hivi: josho tulilojenga halitumiki kwa kuwa tulilijenga upande wa pili wa mto, na mto hujaa miezi ile ile ambayo kupe ni wengi. Mkubwa wake alikasirika kwa wiki nzima. Kisha wakajenga josho jingine upande wa huku. Yule bwana hakuwa na jalada la karatasi ngumu.

Vijana wengine watasema, Mzee, mambo hayo yamepitwa, leo kuna programu za kompyuta ambazo ukiziambia neno moja zinakuandikia andiko zima. Najua, mjukuu wangu amenionyesha. Liliandikwa mbele ya macho yangu kwa dakika moja andiko la mradi wa kuku, zuri kuliko yangu yote, lenye majedwali. Nikamwambia aliulize: kuku wa jirani yetu walikufa wangapi kwa kideri mwaka jana? Halikujua. Nikavuka ua nikamwuliza jirani. Tumieni mashine hizo kupanga maneno, sina ugomvi nazo, lakini herufi O bado mtaiweka kwa miguu yenu.

Sasa karatasi ya pili. Barua ya kamati ya wanafunzi, kama ilivyonifikia, ilianza na salamu, ikaendelea na aya mbili juu ya maji kuwa uhai, ikataja kwamba shule ina historia iliyotukuka, na katika ukurasa wa tatu ikasema inaomba tangi la lita 10,000 la kuvuna maji ya mvua, "ili tatizo la maji liwe historia". Bei haikutajwa.

Nilimwandikia katibu wa kamati maneno mawili. Mnayajua.

Kwa kumsaidia nikamwongezea hesabu. Ninyi ni wanafunzi 480. Mkitumia lita 20 kila mmoja kwa siku, kwa kunywa, kuoga na kufua, hizo ni lita 9,600. Tangi la lita 10,000 likijaa litatosha siku moja. Historia hiyo ni fupi mno. Na hapa Dodoma mvua ikikatika mwezi wa Aprili au Mei, hairudi mpaka karibu na Desemba.

Nilidhani watakata tamaa. Badala yake, kijana huyo na wenzake walifanya jambo ambalo mimi mwaka 1978 sikulifanya: waliinuka. Walipima paa la bwalo hili kwa kamba na rula. Ni mita 40 kwa mita 8, yaani mita 320 za mraba. Kwa mvua ya milimita 500 kwa mwaka, paa hili hupokea lita 160,000, na wakitoa sehemu ya tano kwa ajili ya yale yatakayomwagika, zinabaki lita 128,000. Kwa hiyo kulijaza tangi si shida. Kisha wakaenda kwa mwalimu anayeshughulikia miradi, wakaomba daftari la pampu ya kisima. Hapo ndipo walipopata dhahabu. Mwaka jana pampu iliharibika mara sita, na mara ile ndefu kuliko zote ilikaa siku tisa bila kutengenezwa. Katika siku hizo tisa wanafunzi walikwenda kuchota maji bondeni, na wengine, kama matroni alivyowaambia, waliumwa matumbo.

Basi wameandika upya, na ukurasa wa kwanza, kwa ruhusa yao, unasema hivi:

"Tunaomba chama kinunue tangi moja la lita 10,000 na mabati ya kukingia maji katika upande mmoja wa paa la bwalo. Bei kutoka maduka mawili tumeziambatisha. Tangi hili halitamaliza shida ya maji ya shule. Litakuwa la maji ya kunywa tu, kwa siku ambazo pampu imeharibika. Wanafunzi 480 wakinywa lita mbili kila mmoja ni lita 960 kwa siku, na kwa siku tisa, ambazo ndizo nyingi zaidi katika daftari la mwaka jana, ni lita 8,640. Litajazwa na mvua, na mvua ikiisha litajazwa kwa pampu wakati pampu ni nzima. Bomba lake litafungwa kwa kufuli. Bado hatujui nani atashika ufunguo wakati wa likizo."

Sentensi ile ya mwisho ndiyo iliyonifanya niwaamini. Nimekuwa nikisoma maandiko tangu kabla wazazi wao hawajaoana, na naweza kuhesabu kwa vidole yale yaliyokiri kutojua jambo kabla ya kuulizwa.

Nimeyapitia kwa penseli, nikaweka herufi. Paa, O. Daftari la pampu, O. Matumbo, A, na aliyesema ametajwa. Milimita 500, K, nao wameandika kwamba wameiweka chini kidogo kwa makusudi. Lita mbili za kunywa, K, nami ningependa mtu awaulize kama zinatosha mwezi wa Oktoba. Swali hilo nawaachia wazee wenzangu, na mjumbe aliyewahi kufanya kazi ya maji anajua kwamba ninamtazama yeye.

Ndugu Mwenyekiti, naona saa. Ajenda ya tangi ni ya tano, na ya nne ni ile ya sare ya chama, ambayo mwaka jana ilitula saa mbili. Kama utaniruhusu niketi sasa, napendekeza tuanze na ya tano, wakati hawa vijana wangali humu ndani na wanaweza kuulizwa.